Kumpendekeza mwanasayansi apewe shahada ya heshima: mwongozo kamili, kutoka faili hadi joho

Mapendekezo mengi ya shahada ya heshima hukwama mapema, na mara nyingi si kwa sababu mwanasayansi mwenyewe hafai. Hukwama kwa sababu faili lina wasifu wa kurasa 30, barua 2 za sifa tele na saini ya mkuu wa idara, basi. Waswahili husema chema chajiuza. Mbele ya kamati ya shahada za heshima, chema hakijiuzi hata kidogo.

Mwongozo huu ni wa yule anayeliandaa faili: mhadhiri, katibu wa idara, au mwanachama wa chama cha wahitimu hapa Nairobi. Kila chuo kina kanuni zake. Pale idadi au tarehe tunazotaja zinapogongana na kanuni za chuo chako, fuata za chuo.

## Kusanya hivi kwanza

- Kanuni za shahada za heshima za chuo husika. Ziombe kwa ofisi ya Msajili wa Masuala ya Akademia, usitegemee nakala ya mwaka juzi aliyokutumia rafiki kwa WhatsApp.
- Fomu ya mapendekezo, kama chuo kina fomu yake.
- Mpendekezaji 1 na muungaji mkono 1, wote wakiwa watu wanaoruhusiwa na kanuni kupendekeza.
- Wasifu wa kitaaluma usiozidi kurasa 4.
- Orodha ya kazi 10 za kisayansi zilizo bora zaidi, kila moja na namba yake ya DOI, yaani kitambulisho chake cha kudumu mtandaoni.
- Taarifa ya sababu, kurasa 2.
- Majina ya waamuzi 5, ili upate barua 3 au 4 za kweli.
- Tamko la mgongano wa maslahi, lenye saini.

Ambacho hukihitaji ni saini ya mpendekezwa. Yeye hatakiwi kujua lolote kwa sasa.

Kuhusu muda, hesabu ukirudi nyuma kutoka siku ya mahafali. Kama mahafali ni Desemba, faili liwe mezani kwa Msajili kufikia Machi, na kazi ya kulikusanya ianze Januari. Inaonekana mapema mno hadi uhesabu vikao: kamati, Seneti ya chuo, kisha Baraza la Chuo, ambalo halikutani kila mwezi. Kikao kimoja kikiahirishwa, unasubiri mahafali yanayofuata.

## Hatua ya 1: Hakikisha chuo kinatoa, na mtu wako anaruhusiwa

Usidhani kila chuo hutoa shahada hizi. MIT ya Marekani, pamoja na ukubwa wake wote, haitoi shahada za heshima kabisa. Kwa vyuo vya hapa, angalia mambo mawili: kwamba chuo kina hati kamili ya kuanzishwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na kwamba kanuni zake zinataja shahada za heshima waziwazi. Orodha ya vyuo vyenye hati iko kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Kisha soma sehemu ya wasioruhusiwa. Kwa kawaida utawakuta hawa: wafanyakazi wa chuo walio kazini, wajumbe wa Baraza, wanaogombea viti vya siasa, na mara nyingi marehemu. Mwanasayansi anayefundisha kozi moja ya muda katika chuo hichohicho anaweza kuhesabiwa kuwa mfanyakazi. Uliza kwa maandishi, na jibu liwe kwa maandishi.

Chagua shahada sahihi. Kwa mwanasayansi ni Udaktari wa Sayansi wa heshima, yaani D.Sc. Udaktari wa Sheria, LL.D., vyuo vingi huwapa watu wa utumishi wa umma, na D.Litt. ni ya fasihi na taaluma za sanaa. Usiandike kamwe "PhD ya heshima". Uzamivu hupatikana kwa tasnifu na mtihani wa mdomo. Kuutoa bure kunawaudhi maprofesa walewale unaotaka wapige kura upande wako, na haki wanayo.

Onyo. Hakuna ada, si kwa mpendekezwa wala kwa mpendekezaji. Ukisikia "mchango wa sherehe" ukidaiwa ili jina lipite, hiyo ni biashara ya vyeti.

Umefanikiwa ukiwa na: ukurasa 1 unaoonyesha kifungu cha kanuni kinachomruhusu mtu wako, na jina kamili la shahada.

## Hatua ya 2: Jenga jedwali la ushahidi

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi wanapopita mbio.

Chora jedwali la safu 3: dai, ushahidi, na mahali ushahidi unapopatikana. Kila sentensi utakayoandika baadaye lazima iwe na mstari wake humu. Dai lisilo na mstari litoke.

Anza na machapisho, na uwe mwangalifu na majina. Google Scholar hufuata jina, na Kenya majina yanafanana. "J. Mwangi" mmoja anaweza kuwa amebeba daktari wa mifugo, mhandisi wa maji na mchumi. Kama mwenyewe hajasafisha ukurasa wake, utakuta makala ya saratani ya kizazi ikihesabiwa kwa mtaalamu wa udongo, na mjumbe mmoja wa kamati akiiona, faili zima limeingia doa. Linganisha na ORCID, namba ya kipekee ya kila mtafiti, kisha fungua makala moja baada ya nyingine uangalie taasisi iliyoandikwa chini ya jina.

Faharasa ya h (mtu mwenye 20 ana makala 20 zilizonukuliwa angalau mara 20 kila moja) itumie kwa tahadhari. Google Scholar huonyesha namba kubwa kuliko hifadhidata ya Scopus kwa sababu hukusanya vyanzo vingi zaidi, kwa hivyo taja umetoa wapi na tarehe gani. Wala usilinganishe mwanahisabati na mtafiti wa malaria kwa namba hiyo. Wanahisabati huchapisha makala chache, zenye waandishi wachache, na hunukuliwa polepole. Namba ndogo kwao si udhaifu.

Pita pia kwenye hifadhidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizofutwa. Makala iliyofutwa si lazima imwangushe mtu, kwani nyingine hufutwa na waandishi wenyewe baada ya kugundua kosa, na huo ni uungwana. Ila ni lazima wewe ndiye uitaje kwanza, pamoja na sababu. Ikitajwa na mjumbe ukumbini, imekwisha.

Hataza (patent) zithibitishe kwa Taasisi ya Mali ya Ubunifu ya Kenya, KIPI, na utofautishe ombi la hataza na hataza iliyotolewa. Kwa utafiti uliohusisha watu, hakikisha kulikuwa na idhini ya maadili. Tuzo nazo ziangaliwe kwenye tovuti ya anayezitoa, maana "fainali" na "mshindi" hubadilishana nafasi kwenye wasifu za watu kimyakimya.

Mwisho wa yote, fuatilia fedha. Je, mpendekezwa au kampuni yake ameahidi jengo, maabara au ufadhili kwa chuo katika miaka 5 iliyopita? Liandike kwenye tamko la maslahi. Ukilificha, shahada itasemwa imenunuliwa hata kama mtu alistahili mara kumi.

Umefanikiwa ukiwa na: mistari 12 hadi 20 kwenye jedwali, na mtu asiyejua fani hiyo ameweza kufungua kila kiungo na kuona unachodai.

## Hatua ya 3: Andika taarifa ya sababu

Kurasa 2, si zaidi. Wajumbe wa kamati wanatoka fani zote. Mtaalamu wa isimu na mwanasheria wanapaswa kuelewa kwa nini mtaalamu wa wadudu anastahili joho.

Sentensi ya kuepuka ni ya namna hii: "Ametoa mchango mkubwa usio na kifani katika sekta ya kilimo barani." Hakuna anayeweza kuipinga, na kwa sababu hiyo hakuna anayeweza kuipigia kura.

Chukua mfano wa sukuma-vuta, mbinu iliyotengenezwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kasarani, pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza. Ungeieleza hivi: kati ya mistari ya mahindi mkulima hupanda desmodium, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza nondo wa kiwavi mtoboa shina, pembeni mwa shamba hupanda nepia, ambayo huwavuta nondo hao wakatage huko, na viwavi wengi hufia humo. Chini ya ardhi, mizizi ya desmodium hutoa kemikali zinazoifanya mbegu ya striga iote kisha ife bila kuupata mzizi wa mahindi. Striga ndiyo kayongo ya wakulima wa Nyanza, gugu linaloweza kumaliza shamba. Juu ya hayo, ng'ombe anapata malisho.

Aya hiyo haina sifa hata moja. Msomaji ameona nondo, nyasi na mzizi, na sifa amejitolea mwenyewe.

Baada ya kueleza kazi, jibu maswali 3 kwa mpangilio huu:

1. Nini kilibadilika kwa sababu ya kazi hii, na wapi?
2. Sehemu yake yeye ni ipi, na ya wenzake ni ipi? Sayansi hufanywa na timu. Ukimpa mtu mmoja yote, wenzake watalalamika, na mmoja wao huenda ni mwamuzi wako.
3. Kwa nini chuo hiki? Kama alisoma hapa, alifundisha hapa, au kazi yake ilifanyika kwenye mashamba ya hapa, sema. Kama hakuna uhusiano wowote, kamati itauliza kwa nini si chuo kingine.

Swali la tatu ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi. Likijibiwa kwa aya moja tu, linatosha.

## Hatua ya 4: Barua za waamuzi

Omba kwa watu 5 ili upate 3 au 4. Wawili wawe nje ya chuo, na angalau mmoja nje ya Kenya. Aliyeandika makala na mpendekezwa katika miaka 5 iliyopita hafai, wala aliyesimamia tasnifu yake. Barua zao hata zikiwa nzuri zitasomwa kama barua za jamaa.

Wape wiki 6. Watumie taarifa yako ya kurasa 2 na swali moja la wazi: kati ya wanasayansi wa fani hii unaowajua, kazi hii inasimama wapi, na kwa nini? Ukiomba "barua ya kuunga mkono" utapewa kuunga mkono, si tathmini. Barua ziende moja kwa moja kwa Msajili, zisipitie kwako.

Sisitiza siri kwenye barua ya maombi yenyewe. Nairobi ni mji mkubwa, lakini duru za watafiti ni ndogo. Mwamuzi wa Kabete akimwambia mwenzake wa Upper Hill, jioni mpendekezwa ameshapata salamu za pongezi.

## Hatua ya 5: Faili linapita kwenye vikao

Njia ya kawaida ni kamati ya shahada za heshima, kisha Seneti, kisha Baraza la Chuo. Chansela ndiye anayeitunuku siku ya mahafali. Wewe hutakuwa ndani ya vikao hivyo, kwa hivyo karatasi zako ndizo zitakazozungumza.

Weka ukurasa 1 wa muhtasari juu ya faili: jina, shahada, sababu katika sentensi 3, majina ya waamuzi, na tamko la maslahi. Wajumbe wengi watasoma huo tu, na si uvivu. Ajenda ya Seneti huwa ndefu.

Usimpigie Naibu Chansela simu "kumkumbusha". Wala usitafute mheshimiwa akusemee. Kamati ikihisi inasukumwa, jina huahirishwa ili kuonyesha kwamba haisukumwi.

Faili likirudi, soma neno lililotumika. "Limerejeshwa" maana yake kuna kasoro: barua imepungua, shahada imetajwa vibaya, ushahidi haufunguki. Rekebisha na ulirudishe kabla ya kikao kinachofuata. "Limekataliwa" ni jambo jingine. Angalia kanuni zinataka miaka mingapi ipite kabla ya jina kurudi.

Siri ina faida hapa kuliko pengine popote. Januari 1985, wasomi wa Oxford walipiga kura kuhusu shahada ya heshima ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza aliyesomea kemia chuoni humohumo. Jina lilikuwa limeshajulikana kwa umma. Kura zilikuwa 738 za kukataa na 319 za kukubali, wengi wakipinga jinsi serikali yake ilivyokata fedha za elimu na utafiti. Ubishi ulikuwa wa haki kabisa, lakini fedheha ililetwa na ule mlango uliokuwa wazi.

## Hatua ya 6: Muulize mpendekezwa kabla ya kumtangaza

Baraza likishapitisha, Naibu Chansela humwandikia mpendekezwa barua ya faragha. Ni barua ya kuomba ridhaa, siyo ya pongezi, na tofauti hiyo ionekane kwenye mstari wa kwanza.

Barua itaje jina kamili la shahada, tarehe na mahali, nani analipia safari na malazi, kama anatarajiwa kuhutubia na kwa dakika ngapi, na siku ya mwisho ya kujibu. Wiki 3 zinatosha. Iseme pia kama ni lazima afike mwenyewe, maana vyuo vingi havitoi shahada kwa asiyekuwepo.

Wapo wanaokataa. Mwaka wa 1967 Chuo Kikuu cha Chicago kilimpa Richard Feynman nafasi hiyo, mwanafizikia aliyekuwa amepata Nobel miaka 2 tu kabla. Alijibu kwa shukrani lakini akakataa: alikumbuka jasho alilomwaga kwa ajili ya shahada yake ya Princeton, na kwake shahada ya heshima ilikuwa kama kumpa mtu leseni ya heshima ya fundi umeme. Kwa kuwa alikuwa ameulizwa kwa barua, hakuna kiti kilichobaki kitupu jukwaani.

Akikataa, mshukuru, funga faili. Usimbembeleze. Na usichomeke jina jingine mahali pake ili programu isipungue, kwani jina hilo halijapitia hatua zozote hizi.

Umefanikiwa ukiwa na: kibali chake kwa maandishi, na bado hakuna gazeti linalojua.

## Hatua ya 7: Jina, joho na safari

Muulize jina liandikwe vipi kwenye cheti, herufi kwa herufi. Watu wana jina la machapisho, jina la pasipoti na jina la nyumbani. Asaini rasimu ya cheti kabla hakijachapwa.

Vipimo vya joho: urefu wa mwili, upana wa mabega, na mzunguko wa kichwa kwa sentimita, utepe ukipita juu kidogo ya nyusi. Kofia ya udaktari ni ya duara na laini, si ile bapa ya wahitimu wa shahada ya kwanza. Ikiwa kubwa itashuka machoni anapoinama mbele ya Chansela, na hiyo ndiyo picha itakayotoka gazetini. Hudi, ule utepe mpana wa mgongoni, iwe na rangi za shahada husika.

Mgeni wa nje, Kenya iliondoa viza Januari 2024 na kuweka kibali cha kielektroniki cha kusafiri kinachoombwa mtandaoni. Mataifa mengine yamesamehewa. Kiombwe wiki 2 kabla, kisiachwe hadi mkesha. Afike siku 2 kabla ya sherehe.

## Hatua ya 8: Hotuba ya sifa na siku yenyewe

Hotuba husomwa na msemaji rasmi wa chuo. Lenga dakika 5. Kwa Kiingereza cha jukwaani ni kama maneno 600. Kwa Kiswahili, ambacho maneno yake ni marefu, 500 yanatosha. Ipime kwa saa, ukiisoma kwa sauti na ukiwa umesimama. Ondoa orodha ya tuzo, zimo kwenye kitabu cha programu. Acha kazi moja ielezwe vizuri. Majina magumu yaandikwe jinsi yanavyotamkwa, na msemaji ayajaribu mbele ya mtu anayeyajua.

Utaratibu wa jukwaani huwa hivi: msafara unaingia siwa, yaani fimbo ya mamlaka ya chuo, ikitangulia, Chansela anafungua mkutano, msemaji anamwita mpendekezwa na kusoma, yeye akiwa amesimama. Kisha Chansela anatamka maneno ya kutunuku, hudi inavishwa, cheti kinakabidhiwa. Fanyeni mazoezi siku moja kabla, kwenye ngazi zilezile. Hudi ndiyo husumbua: anayeivisha awe ameshajua upande wa mbele, na mgeni avue kofia kwanza.

Mambo ya nje nayo yana uzito wake. Mahafali mengi hufanyika uwanjani chini ya mahema, na ya Desemba hukutana na masalio ya mvua za vuli. Karatasi ya msemaji iwe ndani ya jalada la plastiki, na kuwe na maikrofoni ya pili iliyokwisha kujaribiwa. Kama sherehe iko katikati ya jiji, mgeni awe ameketi ndani ya chuo saa moja na nusu asubuhi, kabla magari ya wazazi hayajaijaza University Way. Mtu mmoja akae naye tangu anaposhuka garini hadi anaporudi, akiwa na maji ya kunywa na pini za kubania hudi.

## Hatua ya 9: Baada ya makofi

Kwenye wasifu shahada huandikwa D.Sc. (h.c.), yaani "honoris causa", kwa heshima, na mwaka na jina la chuo. Desturi ya vyuo vingi ni kwamba aliyepewa shahada ya heshima hajiiti Dkt. kwa ajili yake. Mwanasayansi wako huenda ni daktari au profesa tayari, kwa hivyo halimhusu sana, lakini taarifa ya chuo kwa vyombo vya habari iwe makini: iandike "ametunukiwa", isiandike "amehitimu".

Rudisha faili lote kwa Msajili likiwa na jedwali la ushahidi, barua, muhtasari wa vikao na kibali cha mpendekezwa. Kisha uombe kuonyeshwa mstari wa jina lake kwenye rejista ya shahada. Neno "heshima" liwe limeandikwa humo kwa wino, kwa sababu mwajiri au gazeti likiuliza miaka 10 ijayo, karani atasoma kilichomo kwenye mstari huo tu.